Kupima Makovu ya Ini kwa Damu

Wanafunzi wa shule za sekondari ni miongoni mwa watu wanaojitolea kutoa damu kwa wingi nchini Tanzania. Kabla damu hiyo haijapewa mgonjwa yeyote, hupimwa ili kuhakikisha kwamba haina virusi vya UKIMWI, vijidudu vya kaswende, wala virusi vya homa ya ini vya aina ya B na C. Kwa sababu hiyo hutokea kwamba kijana mwenye nguvu zake, ambaye hakumbuki kuugua kitu chochote zaidi ya malaria, huitwa na kuelezwa kwamba damu yake ina virusi vya homa ya ini ya aina ya B. Wengine huambiwa hivyo katika kliniki ya wajawazito. Hawana maumivu, hamu ya chakula ni ile ile, na macho yao hayana umanjano wowote.

Hapo huzuka swali lililo zito kuliko mengine yote: je, ini la mtu huyu limekwisha kupata makovu, na kama limepata, ni kwa kiasi gani? Jibu lake huchangia sana kuamua kama mtu huyo ataanza kumeza dawa kila siku kwa miaka mingi, pengine maisha yake yote, au atarudi nyumbani na kuangaliwa tena baada ya miezi kadhaa. Ini limefichika chini ya mbavu, na ugumu wake aghalabu hauhisiki kwa vidole vya daktari mpaka uharibifu uwe umekwenda mbali. Makala hii inaeleza jinsi vipimo vichache vya damu, ambavyo maabara ya hospitali ya wilaya huweza kuvifanya, vinavyotumiwa kukadiria makovu hayo. Na jinsi vipimo hivyo hivyo vinavyoweza kumpotosha mtabibu asiyezingatia mazingira ya mgonjwa wake, hasa katika wilaya kama Muleba, ambako ziwa, mbu na migomba vyote vina lao la kusema katika damu ya mwanadamu.

INI NA MAKOVU YAKE

Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo 1.5 hivi. Damu yote itokayo matumboni hupita kwanza katika ini kabla ya kufika moyoni, nalo huichambua: huhifadhi sukari, huondoa sumu, hutengeneza nyongo, na huunda protini nyingi zinazoelea katika damu, zikiwamo zile za kugandisha damu mtu anapojikata. Kiungo hiki kina akiba kubwa mno. Sehemu kubwa yaweza kuharibika na mwenye ini asijue, kwa sababu sehemu iliyobaki huendelea kufanya kazi ya zote. Ukimya huo ndio hatari yake.

Virusi vya homa ya ini B havili ini kama mchwa walavyo boriti. Kwa sehemu kubwa virusi vyenyewe havivunji chembe hai za ini; zinazozivunja ni chembe za kinga za mwili, zinapozishambulia chembe za ini zenye virusi ndani yake. Kila baada ya shambulio ini hujitengeneza upya. Lakini mapigano yakiendelea miaka kumi, ishirini au thelathini, matengenezo hayo hayabaki safi. Baina ya chembe za ini na mishipa myembamba ya damu hukaa chembe zenye umbo la nyota, zilizoelezwa kwa mara ya kwanza na mtaalamu wa Kijerumani Karl von Kupffer mwaka 1876. Kwa kawaida chembe hizo ni ghala la vitamini A. Zikichokozwa kwa muda mrefu hupoteza vitamini hiyo, hubadili tabia, na kuanza kufuma nyuzi za kolajeni, protini ile ile inayofanya kano za miguu ziwe imara na kovu la panga juu ya ngozi liwe gumu.

Wataalamu hugawa makovu ya ini katika hatua kuanzia 0 hadi 4. Hatua ya 0 ni ini lisilo na kovu. Katika hatua ya 2 nyuzi zimekwisha kuanza kutoka katika maskani yao na kutambaa. Hapo husemwa kwamba makovu ni ya kuzingatiwa. Katika hatua ya 4 nyuzi zimelikata ini vipande vipande vya mviringo, na ugonjwa huitwa sirosisi, jina lililotolewa na tabibu Mfaransa Laennec mwaka 1819 kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya rangi ya hudhurungi. Ini la namna hiyo huizuia damu itokayo matumboni isipite. Damu hurudi nyuma, bandama huvimba, mishipa ya umio hutanuka na yaweza kupasuka, na maji hujaa tumboni. Saratani ya ini nayo hupenda kuota katika ini la namna hiyo, ingawa kwa virusi vya aina ya B yaweza kuota hata kabla ya hatua hiyo.

Haifai kuchanganya ugonjwa huu na homa ya manjano, ambayo huletwa na virusi vingine kabisa vinavyoenezwa na mbu. Virusi vya homa ya ini B hupita katika damu na majimaji ya mwili. Mara nyingi hutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa, au kwa mtoto kwenda kwa mtoto mwenzake katika miaka ya kwanza. Umri ni jambo kubwa hapa. Kati ya watoto wachanga 100 wanaoambukizwa, 90 hivi hubaki na virusi kwa miaka mingi. Kati ya watu wazima 100 hawafiki 5. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na virusi vya aina ya B, na milioni 50 na vya aina ya C. Vifo vilivyosababishwa na aina hizo mbili mwaka huo vilikuwa milioni 1.3.

KWA NINI MAKOVU YAPIMWE

Kwa muda mrefu iliaminiwa kwamba kovu la ini likisha kuwapo halifutiki. Imani hiyo imevunjwa. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 348 wa homa ya ini B waliotumia dawa ya tenofovia kwa miaka mitano, na ambao nyama ya ini lao ilitazamwa kwa darubini mwanzoni na mwishoni. Wagonjwa 96 kati yao walianza wakiwa na sirosisi. Baada ya miaka mitano, 71 kati ya hao 96 hawakuwa nayo tena.

Basi kwa nini kila mwenye virusi asipewe dawa? Kwa aina ya C jambo ni jepesi: zipo dawa zinazoviondoa virusi kabisa kwa majuma 8 hadi 12, na kila mgonjwa anastahili kuzipata. Aina ya B haifutiki hivyo. Dawa huvizuia tu virusi visizaane. Mtu akiiacha kiholela, virusi vyaweza kuamka kwa kishindo na kuliumiza ini vibaya. Aidha, dawa ya muda mrefu hutaka figo ziangaliwe na fedha zipatikane. Ndiyo maana hutafutwa kwanza wale wanaoihitaji zaidi, na kila mwongozo mpya unaotolewa huongeza idadi yao.

Katika Mkoa wa Kagera jambo hili lina kichekesho chake kichungu. Mkoa huu ndio uliotambuliwa kuwa na wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwaka 1983. Leo mtu mwenye virusi vya UKIMWI hupewa tenofovia pamoja na lamivudini, na dawa hizo mbili huvizuia pia virusi vya homa ya ini B. Kwa hiyo mwenye virusi vya aina zote mbili ini lake linalindwa tayari, wakati jirani yake mwenye virusi vya homa ya ini peke yake hana budi kupimwa kwanza ndipo ijulikane kama atapata kidonge kile kile.

SINDANO NA MASHINE

Njia ya zamani ya kuyaona makovu ni kupitisha sindano baina ya mbavu na kutoa uzi mwembamba wa nyama ya ini, ukatazamwe kwa darubini. Njia hii ilirahisishwa na Mwitaliano Menghini mwaka 1958, ambaye alionyesha kwamba sindano yaweza kukaa ndani ya ini kwa muda wa sekunde moja tu. Hata hivyo ina maumivu, yaweza kuleta utokaji wa damu, na huhitaji mtaalamu wa kusoma nyama hiyo. Tena kipande kinachotolewa ni kama sehemu 1 ya 50,000 ya ini zima. Makovu hayakusambaa sawasawa. Sindano yaweza kuangukia mahali pazuri na kuacha pabaya.

Tangu mwaka 2003 imekuwapo mashine inayogonga ubavu kidogo na kupima mwendo wa wimbi ndani ya ini. Katika ini gumu wimbi huenda mbio zaidi, na ukakamavu husomwa kwa kilopaskali. Ni kipimo kizuri kisicho na maumivu, ila mashine ni ghali na aghalabu hukaa katika hospitali kubwa za mijini. Mkulima wa uwanda wa Kamachumu au mvuvi wa kisiwa cha Bumbire hawezi kutegemea kipimo kilicho mbali naye kiasi hicho.

DAMU INASEMA NINI

Hapa ndipo werevu wa wataalamu unapoonekana. Badala ya kutafuta kitu kipya, walichukua vipimo vilivyokuwapo tayari na kuviunganisha kwa hesabu.

Cha kwanza ni kimeng'enya kiitwacho AST. Vimeng'enya vya aina hii huhamisha sehemu yenye naitrojeni kutoka katika asidi-amino moja kwenda katika kiwanja kingine. Kazi yao ni ndani ya chembe hai. Chembe ikivunjika, humwagika katika damu, kama mafuta yanavyoonekana juu ya maji chombo kinapozama. Mwaka 1954 watabibu wa New York waligundua kwamba AST hupanda katika damu ya mtu aliyepatwa na mshtuko wa moyo, na muda si mrefu ikafahamika kwamba hupanda pia ini linapoumia. Historia hiyo ni ya kukumbukwa na mwanafunzi, maana inaonyesha udhaifu wa AST tangu mwanzo: si mali ya ini peke yake. Imo katika moyo, katika misuli na katika chembe nyekundu za damu.

Cha pili ni ALT, ndugu ya AST. Hiki kinaelekea kwa ini zaidi. Katika homa ya ini ya kawaida ALT huwa juu kuliko AST. Lakini makovu yanapozidi, uwiano hugeuka: AST, ambayo sehemu yake imo ndani kabisa katika mitokondria, humwagika kwa wingi zaidi, na ini lililokakamaa hushindwa kuiondoa katika damu kwa kasi ya zamani.

Cha tatu ni chembe sahani, yaani vile vipande vidogo mno vinavyoziba tundu la mshipa uliojeruhiwa na kuanzisha mgando. Mtu anaweza kuuliza: vipande vinavyotoka katika uboho wa mifupa vina habari gani ya ini? Kiungo kiko mara mbili. Kwanza, homoni inayouamuru uboho utengeneze chembe sahani hutengenezwa ndani ya ini. Ilitambuliwa mwaka 1994. Ini likichoka, amri hupungua. Pili, bandama kwa kawaida huhifadhi theluthi moja hivi ya chembe sahani zote. Damu ikizuiwa na makovu na kurudi nyuma, bandama huvimba na kuzimeza chembe nyingi zaidi. Mtu huyo hakupoteza chembe sahani; zimefungiwa ghalani.

Kwa hiyo makovu yanapoongezeka, namba moja hupanda na nyingine hushuka. Ukigawa ile inayopanda kwa ile inayoshuka, mabadiliko hukuzwa, na jambo ambalo lisingeonekana katika kila namba peke yake hudhihirika katika uwiano. Hesabu hiyo iliandikwa mwaka 2003 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, na hujulikana kwa herufi APRI:

APRI = (AST ya mgonjwa ÷ kiwango cha juu cha kawaida cha AST) ÷ chembe sahani × 100

Chembe sahani huandikwa kwa maelfu katika mikrolita moja ya damu. Kiwango cha juu cha kawaida cha AST hutegemea maabara, na mara nyingi ni 40.

Mfano wa hesabu: mvuvi wa miaka 40 ana AST 48, ALT 36, na chembe sahani 150. Ukigawa 48 kwa 40 unapata 1.2, ukigawa 1.2 kwa 150 na kuzidisha kwa 100 unapata 0.8.

Hesabu ya pili, FIB-4, ilitolewa mwaka 2006. Hii huingiza pia umri, kwa kuwa makovu ni kazi ya miaka:

FIB-4 = (umri × AST) ÷ (chembe sahani × kipeuo cha pili cha ALT)

Kwa mvuvi yule yule: 40 mara 48 ni 1,920. Kipeuo cha pili cha 36 ni 6, na 150 mara 6 ni 900. Jibu ni 2.13. Walioitunga hesabu hiyo walisema kwamba jibu lililo chini ya 1.45 huelekea kukanusha makovu makubwa, na lililo juu ya 3.25 huelekea kuyathibitisha. Mvuvi huyu ameangukia katikati, mahali ambapo hesabu haina la kusema. Wagonjwa wengi huangukia hapo.

MPAKA UWEKWE WAPI?

Kutunga hesabu ni nusu ya kazi. Nusu nyingine, iliyo ngumu zaidi, ni kuamua ni namba ipi itakayotenganisha mgonjwa na asiye mgonjwa. Na hapa Afrika iliumizwa na mpaka uliochorwa mahali pengine.

APRI ilizaliwa kwa wagonjwa wa homa ya ini C huko Marekani, na FIB-4 kwa watu waliokuwa na virusi vya aina ya C pamoja na vya UKIMWI. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba APRI iliyozidi 2 ichukuliwe kuwa dalili ya sirosisi kwa wagonjwa wa aina ya B pia, katika nchi zisizo na mashine. Ushauri huo ulitolewa kwa nia njema. Lakini mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya kuunganisha vipimo vya wagonjwa 3,548 wa homa ya ini B kutoka nchi 8 za Afrika kusini mwa Sahara, waliopimwa damu na pia ukakamavu wa ini kwa mashine. Ilionekana kwamba kati ya wagonjwa 100 ambao mashine ilionyesha wana sirosisi, mpaka wa 2 uliwatambua 16 au 17 tu. Wengine 83 wangerudishwa nyumbani.

Watafiti hao walipendekeza mipaka miwili badala ya mmoja. Aliye juu ya 0.65 adhaniwe kuwa na sirosisi; aliye chini ya 0.36 adhaniwe kuwa hana. Mwezi Machi 2024 Shirika la Afya Duniani nalo lilishusha mipaka yake: zaidi ya 0.5 kwa makovu ya kuzingatiwa, na zaidi ya 1 kwa sirosisi. Mvuvi wa mfano wetu, mwenye 0.8, kwa mpaka wa mwaka 2015 alikuwa mbali kabisa na sirosisi. Kwa mwongozo wa mwaka 2024 anastahili dawa.

Hata hivyo kushusha mpaka si dawa ya kila kitu, na mwalimu wa hisabati anaweza kuwaonyesha wanafunzi sababu yake. Wachukuliwe watu 1,000 wenye virusi, na ichukuliwe kwamba 50 kati yao wana sirosisi. Katika utafiti uliotajwa, mpaka wa 0.65 uliwatambua wagonjwa 56 katika kila 100, na uliwaacha huru watu 90 katika kila 100 wasio na sirosisi. Basi kati ya wale 50 watatambuliwa 28. Kati ya 950 waliobaki, sehemu moja ya kumi, yaani 95, wataitwa wagonjwa bila kuwa wagonjwa. Jumla ya walioitwa ni 123, na wenye sirosisi kweli ni 28 tu. Sasa utazamwe mpaka wa chini, 0.36. Huo uliwashika wagonjwa 81 hivi katika 100, na kuwaacha huru 64 katika 100 wasio na sirosisi. Watu wapatao 620 wataambiwa hawana, na kati yao 10 hivi wanayo. Ni dhahiri kwamba kipimo hiki ni hodari zaidi katika kuwatuliza watu kuliko katika kuwahukumu. Anayepatikana na namba ya juu asikate tamaa. Namba hiyo ni mwito wa uchunguzi zaidi, na kupewa dawa bure bila sirosisi ni kosa dogo kuliko kuikosa akiwa nayo.

Jambo jingine huchangia tofauti hizo. Utafiti wa watu wenye afya katika nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba viwango vingi vya damu vilivyoandikwa katika vitabu vya Marekani haviwalingani watu wa huku. Mwafrika mwenye afya kamili aweza kuwa na chembe sahani chini kidogo ya 150 na asiwe na ugonjwa wowote. Mwanafunzi anayejifunza biolojia katika kitabu kilichotoka ng'ambo na alijue hilo.

MITEGO YA MULEBA

Wilaya ya Muleba imetandazwa juu ya miinuko inayoshuka hadi Ziwa Victoria, na ina visiwa vingi vya wavuvi. Hospitali zake, zikiwamo Rubya, Kagondo na Ndolage, huhudumia watu wa migombani na watu wa ziwani pia. Mtabibu anayefanya hesabu za APRI katika mazingira hayo hana budi kujua mitego minne.

Mtego wa kwanza ni malaria. Muleba ni jina linalofahamika kwa wataalamu wa malaria duniani, kwa kuwa jaribio la vyandarua vilivyoongezewa kemikali ya PBO, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018, lilifanyika huko. Malaria hushusha chembe sahani kwa siku chache, na AST hupanda kwa kuwa chembe nyekundu za damu huvunjika. Yule mvuvi akipimwa akiwa na malaria, chembe sahani zake zikawa 75 na AST ikawa 60, APRI yake itakuwa 1.5 gawanya kwa 75 mara 100, yaani 2.0. Makovu hayakuongezeka hata kidogo baina ya juma moja na jingine. Atibiwe malaria, apumzike majuma kadhaa, ndipo apimwe tena. Mfano ulio mkali zaidi ni ugonjwa wa Marburg, uliozuka Bukoba vijijini mwezi Machi 2023. Virusi hivyo hushambulia ini kwa ghafula. AST hupanda mno na chembe sahani huanguka. Mgonjwa wa namna hiyo angekuwa na APRI ya kutisha na ini lisilo na kovu hata moja. Hesabu hizi ni za mtu aliyetulia, si za mtu mwenye homa.

Mtego wa pili ni kileo. Rubisi ya ndizi, na zaidi ya hiyo pombe kali ya kukenekwa, hupandisha AST kuliko ALT. Namba itakayopatikana ni ya pombe na virusi kwa pamoja. Si kwamba namba hiyo ni ya uongo, kwa maana pombe nayo huleta makovu. Ila dawa ya virusi haitaliponya ini linalochomwa na chupa kila jioni.

Mtego wa tatu ndio wa hila kuliko yote, nao ni kichocho cha matumbo. Katika fukwe na visiwa vya Ziwa Victoria vidudu vya kichocho hutoka katika konokono wadogo wa majini na kupenya ngozi ya mtu anayeoga, anayefua au anayevuta nyavu. Minyoo hukomaa na kukaa katika mishipa ya damu ya matumbo. Sehemu ya mayai yao huchukuliwa na damu hadi katika ini, na mwili huyazungushia makovu kando ya matawi ya mshipa. Mwaka 1904 Symmers, aliyekuwa akifanya kazi Misri, aliyaeleza makovu hayo: ukilikata ini huonekana kama mashina meupe ya kiko cha udongo yaliyochomekwa katika nyama. Baina ya mashina hayo chembe za ini huwa nzima. Hivyo AST na ALT huweza kuwa za kawaida kabisa, wakati damu imezuiwa, bandama imevimba, na chembe sahani zimepungua. Mtu mwenye AST 32 na chembe sahani 80 ana APRI 1.0, ingawa AST yake haina kasoro. Namba yote imeletwa na bandama.

Je, mtu huyo ana makovu? Anayo, tena yaweza kuwa ya hatari. Mishipa ya umio hupasuka kwa kichocho kama inavyopasuka kwa sirosisi. Lakini si makovu ya virusi, na tenofovia haitayagusa. Anahitaji prazikwanteli, na picha ya ini kwa mawimbi ya sauti, ambayo huyaonyesha makovu ya kichocho kwa mchoro wake wa pekee. Na mtu mmoja aweza kuwa na minyoo na virusi kwa wakati mmoja. Hapo hakuna hesabu ya damu itakayomgawanyia daktari kovu lipi ni la nani.

Mtego wa nne ni safari ya damu yenyewe. Damu iliyotolewa kisiwani, ikatikiswa ndani ya mtumbwi na juu ya pikipiki, chembe zake nyekundu huvunjika ndani ya chupa na kumwaga AST. Chembe sahani nazo huweza kushikana mafungu mafungu, na mashine ikahesabu fungu zima kama kitu kimoja au isilihesabu kabisa. Makosa hayo mawili yote huipandisha APRI. Fundi wa maabara anayeona majimaji ya damu yamekuwa mekundu hutakiwa kuikataa chupa hiyo, hata kama mgonjwa ametoka mbali.

VIPIMO VINGINE

Vipo vipimo vinavyoyatazama makovu yenyewe badala ya athari zake: hupima vipande vya kolajeni vinavyokatika wakati nyuzi zinapofumwa, au asidi ya haluroni, ambayo ini zima huiondoa katika damu na ini lenye makovu hushindwa. Vinavutia kisayansi, lakini kemikali zake ni ghali. Kilicho karibu zaidi na uwezo wa hospitali za kawaida ni uwiano wa kimeng'enya kiitwacho GGT na chembe sahani. Mwaka 2016 watafiti waliofanya kazi Gambia na Senegali walionyesha kwamba uwiano huo uliwafaa wagonjwa wa huko kuliko APRI na FIB-4. Ulipojaribiwa Ufaransa haukuzishinda. GGT nayo hupandishwa na pombe, na hivyo mtego wa pili unabaki palepale.

ZOEZI

Kiwango cha juu cha kawaida cha AST ni 40. Mwanamke wa miaka 52 kutoka Kamachumu ana AST 44, ALT 25 na chembe sahani 110. Mwanafunzi wa miaka 19 ana AST 44, ALT 64 na chembe sahani 220. Wote wawili wana virusi vya homa ya ini B, hawana malaria, na hawanywi pombe.

(a) Tafuta APRI na FIB-4 ya kila mmoja. (Majibu: mwanamke 1.0 na 4.16, mwanafunzi 0.5 na 0.48.)

(b) AST zao ni sawa. Eleza ni namba zipi zilizowatenganisha, na kila moja ya namba hizo hutoka katika kiungo gani cha mwili.

(c) Katika FIB-4, umri wa mwanafunzi umeishusha namba yake sana. Je, ni haki kukitumia kipimo hicho kwa vijana walioambukizwa siku ya kuzaliwa kwao?

(d) Mwanamke huyo anaeleza kwamba kabla ya kuolewa aliishi kisiwani na mume wa dada yake, akianika dagaa na kuchota maji ziwani kwa miaka kumi na miwili. Taja uchunguzi mmoja ambao sharti ufanywe kabla ya kusema kwamba makovu yake yametokana na virusi.